Mfupa wa Ng'ombe na Supu ya Mama

Jino langu la mbele lilianza kulegea nikiwa ninafundisha. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Nyeri, nafundisha watoto wadogo herufi, wale ambao bado wanakuja na kamasi na sweta zilizofungwa vifungo kombo. Siku hiyo tulikuwa kwenye herufi ya thaa. Ili uitoe sawasawa, ncha ya ulimi lazima iguse makali ya meno mawili ya mbele ya juu. Nikawaonyesha, nikatoa ulimi, na jino la kushoto likasogea. Halikuuma. Lilisogea tu, kama mguu wa kiti ulioachia gundi. Watoto wakairudia herufi kwa pamoja, nami nimesimama pale, jasho linanitoka kwapani katika baridi ile ya Julai.

Sikumwambia mtu. Mimi ni mwoga, na nikiogopa kitu huwa nakificha kwanza. Nilianza kutafunia upande mmoja, mandazi nikiyachovya kwenye chai mpaka yakatike yenyewe, na nikipiga mswaki nilitema mate mekundu na kufungua bomba upesi nisiyaone. Nilijua vizuri ninachokiogopa. Nilikuwa nakiona usoni mwa mama yangu.

Mama hana jino hata moja. Yaliisha kabla nywele zake hazijaingia mvi. Yeye ni muuza supu. Sufuria yake imekaa karibu na soko tangu nipate akili, supu ya miguu ya ng'ombe, na wafanyabiashara wanaoleta mbuzi kutoka Doldol hawarudi kwao bila kupita hapo. Aliyevunjika mguu kwa pikipiki hutumiwa supu ya mama, aliyejifungua hutumiwa supu ya mama. Akicheka huinua ncha ya leso akafunika mdomo. Zamani yeye ndiye aliyenifundisha Kurani, kwa sauti ambayo majirani walipunguza redio waisikilize. Meno yalipoondoka, thaa ikawa upepo mtupu, na mama akaacha kusoma kwa sauti. Mpaka leo husoma kimoyomoyo, midomo inaenda, sauti haisikiki. Hicho ndicho kilichokuwa kinanisubiri, mimi na darasa langu. Mwalimu asiye na thaa atafundisha nini?

Jino la pili lilipoanza kusogea, nilikwenda kwa daktari. Alikuwa kijana mpole mwenye kliniki ghorofani mjini, na upole wake ndio ulionitisha, kwa sababu watu huwa wapole wakiwa na habari mbaya. Alichukua kijiti chembamba cha chuma akakiingiza kati ya fizi na jino. Kikaingia, kikaendelea kuingia. Akanieleza kwamba meno yenyewe ni mazima, ila ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaoyashika. Tungesafisha kwanza, tungoje fizi zitulie. Kisha angefungua fizi, akwangue mizizi, ajaze unga wa mfupa mahali palipoliwa, afunike kwa utando mwembamba na kushona. Mfupa wangu mwenyewe ungeota polepole ndani ya ule unga, na fizi ingejishika tena.

"Tukiacha hivi, hizi mbili zitaanguka," alisema. "Tukijaribu, mfupa iko na nafasi ya kuota. Lakini siwezi kukuapia, mwalimu."

Niliuliza mfupa huo ni wa nani. Nilikuwa nimekwisha kuwaza maiti, nimekwisha kuwaza na nguruwe, na sikujua lipi linanitisha zaidi. Akasema ni wa ng'ombe, uliosafishwa na kuchomwa mpaka ukabaki madini tu, na utando nao angeagiza wa ng'ombe, kwa kuwa mimi si Mwislamu wa kwanza kumuuliza. Nilimfikishia shehe wetu habari hizo. Akasema nitibiwe.

Siku ya kupasuliwa sikusikia maumivu. Nilisikia sauti. Chuma kikikwangua mzizi wa jino, sauti yake haipiti masikioni, inapita ndani ya fuvu, na mimi nilishika mikono ya kile kiti nikisoma kila dua niliyoijua na nyingine nikizichanganya. Alipomaliza alifunga yale meno kwa waya mwembamba kwa nyuma, yashikane, akanipa masharti. Nisile kitu cha moto. Nisiume kwa meno ya mbele. Nisiinue mdomo kuchungulia. Damu iliyoganda mle ndani isiguswe, alisema, kwa sababu mfupa huanzia hapo.

Kesho yake adhuhuri mama akaja kwangu Gatitu na chupa ya chai. Haikuwa na chai. Nilikuwa nimemweleza mambo yote kwenye simu, mfupa, utando, masharti, na katika maneno yote hayo alikuwa amelishika moja tu, ng'ombe.

"Ati mfupa ni ya ng'ombe?" akaniuliza, huku akifungua kifuniko. "Basi itashikwa na nini kama si supu ya ng'ombe? Kunywa, mwanangu. Hii nimechemsha tangu jana."

Nilimwambia daktari amekataza vitu vya moto. Akasema daktari anajua meno, yeye anajua mifupa. Nikamwambia basi tuiache ipoe. Hapo akaniangalia kwa huruma, kama mtoto aliyesema upuuzi. Supu ya miguu ikipoa hugeuka kama jeli, mafuta yanaganda juu, na katika mji huu wenye baridi hakuna anayempa mgonjwa supu ya kukatwa kwa kisu. Alimimina. Mvuke ukapanda. Akakaa mbele yangu, mikono magotini, akiningoja.

Mtu ambaye hajalelewa kwa supu ya mama yangu atasema ningekataa. Mimi nilivaa viatu kwa supu ile, nilisoma kwa supu ile. Nilikunywa. Nilijaribu kuipitisha pembeni, lakini supu haielekezwi. Joto likajaa mdomo mzima, na kwa kuwa ilikuwa tamu, nikamaliza kikombe.

Nilikuwa nasuuza kikombe niliposikia ladha ya chuma. Nikatema kwenye sinki. Damu, na katikati ya damu chembe nyeupe, ndogo kama mchanga. Nikatema tena, zikaja nyingine. Nilishika sinki nikaziangalia zile chembe zikiteleza kuelekea kwenye tundu, na nikataka kuzizuia kwa vidole. Ndiyo meno yangu yanakwenda, niliwaza, ndiyo darasa langu linakwenda. Mama alikuja nyuma yangu, akaona, akajifunika mdomo kwa leso ingawa hapakuwa na la kuchekesha.

Alinipeleka kliniki mwenyewe, amenishika mkono kama alivyonivusha barabara nikiwa mdogo, na chupa ya chai imebaki kwapani kwake. Sidhani alijua anaibeba. Kabla daktari hajauliza chochote, akasema, "Ni supu yangu. Usimgombeze."

Daktari hakumgombeza mtu. Alinisafisha taratibu, akakuta upande mmoja uzi umelegea, akashona upya. Alisema chembe kiasi huweza kutoka na kazi ikaendelea, utando bado upo mahali pake. Nilimuuliza kama zilizobaki zinatosha. Akasema tutajua mfupa ukionekana kwenye picha, na hilo si jambo la wiki.

Miezi ile sitaki kuirudia. Nilifundisha nikiogopa thaa, nikawapa watoto herufi za kooni mpaka wakazichoka. Nikiamka, ulimi ulikuwa tayari unalitafuta jino, nami ninaukataza. Mama alikuja kila wiki, lakini supu hakuileta tena wala hakuitaja. Alileta maziwa mala, ndizi za Kagio alizoziponda mwenyewe, uji uliopoa. Aliviweka mezani na kukaa mbali kidogo. Kumwona mama yangu ananiogopea kuliko ninavyojiogopea kulinitia hofu mpya.

Siku ya picha mama alisema atakuja, tukaenda pamoja. Daktari aliweka picha ya zamani na mpya pamoja kwenye skrini. Kwenye ya zamani, pembeni mwa mizizi palikuwa na weusi, kama kipande kilichong'atwa. Kwenye mpya weusi ule ulikuwa umejaa kijivu, si wote, upande ulioshonwa mara mbili ulikuwa umebaki chini kidogo. Aliondoa ule waya, akaligonga jino kwa mpini wa kioo chake kidogo, akalisukuma. Halikwenda popote. Akasema mfupa umeota wa kutosha, nitunze fizi, nianze kuuma vitu laini kwa meno hayo.

Mama akainuka, akaisogelea skrini.

"Meno yangu pia ilikuwa inatingika tu," akasema. "Haikuwa imeoza. Niliwaambia watoe yote siku moja, ndio nirudi kwa kazi." Akakigusa kile kijivu kwa kidole. "Ingeota?"

Daktari aliweka kioo chini. "Pengine, mama. Lakini wakati huo hapa hatukuwa na hii."

Mama akamshukuru, akatangulia kushuka ngazi.

Nje palikuwa na mwanamke anayeuza mahindi ya kuchemsha. Mama aliyapekua yote, akiyabonyeza kwa kidole gumba, mpaka akapata lililo laini kuliko mengine, akanikabidhi. Nikaanza kupukuchua punje kwa vidole, nizipeleke nyuma kama nilivyozoea. Akanishika mkono.

"Uma na hizo za mbele," alisema. "Nione."

Niliogopa. Picha nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na bado niliogopa. Nikafumba macho, nikauma. Punje zikaachia, na meno yakabaki mahali pake. Nilipofumbua macho mama alikuwa anacheka, mdomo wazi, katikati ya mji, na leso ilikuwa begani.