Farasi wa Mzee Bilali

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka, mpaka leo, nashusha pumzi na kushukuru. Umenitumia programu yako ya sataranji ya kwenye simu, ukaniuliza kama unaweza kuitangaza kuwa ni ya kitaaluma. Nimeicheza. Rangi zake zinapendeza, muziki wake nimeuzima. Lakini kabla sijakujibu nisikilize kwanza, maana swali hilo mimi nililijibu vibaya kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na kibanda cha kompyuta pale Mtendeni, kijana mwenye majivuno, nimevaa shati la mikono mirefu hata kwenye jua la Oktoba. Niliandika programu ya sataranji kwa Kiswahili, nikaitia kwenye sidii, na juu ya kasha nikachapa kwa herufi kubwa: SATARANJI YA KITAALUMA. Ungeniuliza taaluma yenyewe iko wapi, ningekuonyesha kasha. Watu walinunua, nami nikadhani kununuliwa ndiyo shahada.

Mmoja wa walionunua alikuwa Mzee Shabani wa Ipuli, dereva wa treni mstaafu. Alikuwa akicheza mchezo mmoja kwa barua na Mzee Bilali, rafiki yake wa tangu kazini, ambaye alikuwa amerudi kwao Ujiji. Hatua moja inakwenda na barua, jibu linarudi baada ya wiki mbili au tatu. Wafanyabiashara ndio waliozibeba barua hizo, kwa njia ileile ya misafara ya zamani, ila wao walipanda treni. Mchezo ulikuwa umeingia mwaka wa pili. Mzee Shabani alikuwa na mtoto wa jicho, kete za ubaoni hazioni tena vizuri, ndiyo maana akataka kompyuta yenye kete kubwa. Kumsomea barua na kuingiza hatua ilikuwa kazi yangu, na aliniamini kabisa.

Basi ikaja barua ya Mzee Bilali. Askari wake, ile kete ndogo kuliko zote, alikuwa amefika mstari wa mwisho. Sheria unaijua: askari akifika huko anabadilishwa, na mwenye askari ndiye anayechagua awe kete gani. Karibu watu wote huchagua malkia, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu. Mzee Bilali aliandika, "Nataka farasi." Nikaingiza hatua. Programu yangu haikuuliza kitu, ikaweka malkia. Wala haikuwa bahati mbaya. Mimi ndiye niliyeiandika hivyo, nikaona uvivu kuweka chaguo ambalo nilidhani hakuna mwenye akili angelitaka. Nikatazama barua, nikatazama kioo, nikajisemea kwamba mzee wa Ujiji amechoka. Nikamwambia Mzee Shabani, "Amefika mwisho, babu. Ana malkia mpya."

Akafikiri siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta asubuhi anacheka peke yake. Mfalme wa Bilali alikuwa ameachwa wazi, hatua moja tu ya ngome na mchezo umekwisha. Akaniamuru niandike: "Bilali ndugu yangu, miaka miwili umenisumbua. Leo mfalme wako hana pa kukimbilia, nimekushinda. Wasalimie watoto." Barua akapewa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa asali aliyekuwa akienda Kigoma kwa treni ya siku hiyohiyo. Jogoo akachinjwa.

Tulikuwa tunangoja wali uive, mzee akaacha kucheka. Kisha akasema, "Lakini Bilali namjua. Hawezi kuleta malkia akamwacha mfalme uchi namna hii. Hebu nisomee tena barua yake, neno kwa neno."

Mwanangu, ningeweza kumdanganya, asingejua. Aibu ilinipanda, lakini nikaisoma kama ilivyoandikwa: "Nataka farasi."

Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alinieleza taratibu kwamba malkia akiwa pale hamtishii mtu, ila farasi anamtishia mfalme wake yeye Shabani papo hapo, kwa hiyo ilimlazimu amwokoe kwanza. "Na mimi nimemwandikia nimemshinda! Atasema Shabani amekuwa tapeli uzeeni, au akili zimemruka. Sisi hatujawahi kudanganyana hata kete moja."

Nikanyakua baiskeli yake bila hata kuomba. Kutoka Ipuli hadi stesheni sikumbuki nilipita wapi, nakumbuka tu kwamba nilikuwa naomba Mungu kwa sauti na watu wananishangaa. Nikamkuta Mama Zuhura bado yuko chini, anagombana na wapagazi kwa sababu dumu lake moja lilikuwa linavuja, naye amekataa kupanda mpaka lifungwe.

"Mama, shikamoo, nipe ile barua!"

"Marahaba. We kijana, umefiwa?"

"Nusura, mama. Nusura."

Akanipa, bahasha imejaa asali. Niliketi palepale chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Raha niliyoisikia siku ile sijaipata tena kwa kitu chochote nilichowahi kuuza.

Niliporudi, mzee akaipapasa bahasha, akalamba kidole, akaniambia nikae nile. Tulipomaliza ndipo akaniuliza, "Ulijua anataka farasi. Kwa nini umempa malkia?"

"Niliona malkia ni bora, babu."

"Bora kwa nani? Mimi nimeendesha treni. Abiria aliyekata tiketi ya Kaliua nilimshusha Kaliua, sikumpeleka Kigoma eti kwa kuwa Kigoma kuna ziwa. Umenisomea kweli, kwa hilo nimekusamehe. Nenda karekebishe."

Nilirekebisha, na nilipoanza kupekua nikakuta makosa mengine ya kuniaibisha. Nikamfuata kila aliyenunua, mmoja mpaka Goweko kwenye mashamba ya tumbaku, nikambadilishia sidii yake. Mzee Shabani naye akamwondoa mfalme wake hatarini, wakaendelea, na baada ya barua nyingi akashindwa. Kushindwa kwa haki. Aliniamuru niandike barua ya kukubali huku anacheka, na sijapata kumwona mtu aliyefurahia kushindwa kama yeye.

Sasa nasaha yangu. Programu ya biashara inamhitaji mnunuzi tu. Ya kitaaluma inamhitaji mchezaji, imheshimu, iijue hata ile sheria ambayo huenda ataitumia mara moja maishani, na pale ambapo uamuzi ni wake, imuulize na imngoje. Ukikosea, wewe uwe wa kwanza kusema, hata kama hakuna atakayegundua. Kwa hiyo usiitangaze bado. Mpelekee mtu anayeujua mchezo kuliko wewe, keti pembeni, funga mdomo, umtazame anakwama wapi. Akikwama, usimwambie kwamba hivyo ulivyofanya wewe ndivyo bora.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na moyo mwepesi wa kukiri. Na kila atakayekukabidhi kitu chake akipendacho, Mungu amjalie akikute salama.