Njumu za Mshambuliaji wa Bei Mbaya

Haya ninayoandika hamtayaamini, na wala sitawabembeleza. Shahidi wangu amekaa hapa kando, amenuna: shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Amekubali nimwandike kwa sharti moja tu, kwamba nimsomee kila mstari. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini kwa kalamu ukoo mzima hakuna wa kunigusa. Kwa mpira ndiyo msiseme. Nilikuwa winga, mabeki walikuwa wakinikabili wanaumwa tumbo.

Shemeji ni mtunza vifaa wa timu yetu, mwaka wa kumi na tisa huu. Anafua jezi, anajaza mipira upepo, anashona njumu. Ofisi yake ni chumba kisicho na dirisha chini ya jukwaa, kinanuka gundi na sabuni ya unga, na watu wakishangilia juu, vumbi linamwangukia kichwani. Wachezaji wanamwita Daktari. Ukimpa njumu anaigeuza, anapapasa yale meno ya chini kwa kidole gumba, kisha anakwambia goti gani linakusumbua na tangu lini. Meno ya nje yakiisha kabla ya yale ya ndani, anajua mtu anakanyaga akikwepa maumivu. Hapo anabadilisha meno, anapachika kipande chembamba cha ngozi ndani ya kisigino, mtu anatoka anakimbia kama kawaida.

Msimu ule tukapanda ligi kuu. Beki wa kushoto alikuwa mpwa wangu, mtoto wa huyu huyu Daktari. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na mpya alishaahidiwa kwa mdomo. Nyumbani kwa dada yangu ilikuwa hakuna hadithi nyingine. Baba na mwana klabu moja, ligi kuu. Dada alishapiga pasi shati la siku ya kusaini.

Kocha akaomba watu wawili tu, beki wa kati mrefu na kipa mzoefu.

"Hawa wengine niachie," akamwambia mwenyekiti. "Wamezoeana. Huyu akigeuka, yule ameshajua mpira unaenda wapi. Kitu hicho hakinunuliwi."

Mwenyekiti wetu anauza saruji na mabati. Akacheka. "Kocha, ligi kuu twende na watoto wa mtaani? Watu wanataka jina."

Jina lilikuwa Kimbunga, mshambuliaji wa miaka ishirini na saba. Ya kwenye karatasi, lakini. Mimi nilimwona akicheza wakati bado nina nywele.

Kimbunga akaja kufanya majaribio Jumamosi asubuhi. Akamtupia shemeji njumu, "Mzee, nipangusie." Shemeji akageuza ya kulia. Meno ya nje yamelika mpaka kwenye soli, ya ndani kama yametoka dukani. Goti halipo.

Sasa hapa ndipo ninapogombana naye mpaka leo.

"Uliona?" nikamuuliza.

"Niliona."

"Ukafanyaje?"

"Nikabadilisha meno. Nikaweka ngozi."

"Wewe mwanamume una akili timamu kweli?"

"Shemeji, miaka yote hii njumu mbovu haijatoka kwenye kile chumba. Mikono ilianza yenyewe. Nilipokuja kufikiri, ameshavaa."

Kimbunga akakimbia nusu saa kama swala, akafunga mawili. Shemeji akapanda ngazi mbio, yale meno yaliyolika yakiwa kiganjani, lakini akamkuta mwenyekiti anafunika kalamu. Mkataba wa miaka mitatu, mshahara wa wachezaji wanne, na hakuna hata mstari unaosema tukishuka daraja mshahara nao ushuke. Hata mimi wa darasa la sita ningeuliza hilo.

"Mwenyekiti, huyu goti limekwisha. Tazama hapa."

"Daktari, si nimemwona kwa macho yangu anakimbia? Kafue jezi."

Mshahara wa watu wanne unapatikana kwa kuwatoa watu wanne. Mpwa wangu alikuwa wa tatu kwenye orodha.

Pale klabuni mchezaji akiondoka anarudisha vifaa kwa mtunza vifaa na kutia sahihi kwenye daftari. Kwa hiyo Jumatatu mtoto akaingia chini ya jukwaa na mfuko, na baba yake akahesabu. Jezi mbili namba tatu. Bukta mbili. Soksi jozi tatu.

"Jozi moja imetoboka," mtoto akasema.

"Iweke tu."

Akatia sahihi. Kisha akauliza, "Baba, ni kweli zile njumu ulimtengenezea wewe?"

Shemeji angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya vizuri sana. Yeye akajibu, "Nilimtengenezea."

Mtoto akatoka bila kuaga. Siku hiyo hiyo akahama nyumbani, na simu ya baba yake hapokei. Lile shati bado liko kwenye msumari, dada amekataza lisiguswe.

Ligi ikaanza. Mechi ya nne Kimbunga akavaa njumu mpya alizopewa zawadi, hazina ngozi wala nini. Dakika ya kumi na moja goti likaachia, tukasikia kutoka jukwaani. Toka hapo anakaa kwenye viti vya wakubwa, magongo pembeni, na mshahara hauchelewi. Yule beki wa kati mrefu hakununuliwa, hela ziliisha. Tukawa tunafungwa kwa vichwa kila wiki. Sasa tumeshuka, Kimbunga ana miaka miwili ya kulipwa, na maji ya uwanjani yamekatwa. Jezi shemeji anafulia nyumbani, kwenye beseni la dada yangu.

Lakini msidhani hakuna raha! Mpwa wangu alipata timu nyingine ya ligi kuu, na siku walipokuja kwetu, watu elfu thelathini wamejaa, akaupiga mpira kutoka katikati ya uwanja, wavu ukachanika, akakimbia moja kwa moja mpaka kwa baba yake, akamkumbatia, na mwenyekiti akaanguka chini akilia kama—

"Shemeji, ishia hapo. Uwanja wetu watu elfu tatu, na siku ile haikujaa. Mtoto hakufunga. Alikaa benchi, akaingia dakika tano za mwisho. Alipita mbele ya mlango wangu, hakusimama. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilitoka nikaangalia alama zake kwenye udongo. Mguu wa kushoto, meno ya nje hayaonekani."