Sura ndani ya Kioo cha Shaba

Mama yangu alikuwa na picha moja tu ya mama yake, na picha hiyo ilibaki nyumbani Mbau siku tulipokimbia vita. Tulipofika Butembo, majirani wazee tuliokimbia nao walimfariji: jitazame tu kwenye kioo, mmefanana mno. Maneno hayo yalimuudhi. Nyanya yangu alifariki akiwa bado kijana, na mama sasa ana mvi na mikunjo. "Nikijitazama naona muzee," aliniambia. "Mama yangu hakukuwa muzee." Aliogopa kwamba sura ile inamtoroka.

Jumapili moja, baada ya misa, nilimpeleka kwenye chumba kidogo cha makumbusho cha mapadri. Nilitaka tu asahau huzuni kidogo. Juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, palikuwa na kioo cha mkono cha shaba, cha kale sana, kilicholetwa na mmisionari mmoja kutoka kwao. Kilikuwa kimelazwa kifudifudi, mgongo wake umechorwa ndege na maua. Mama alipoona shaba ile ya duara juu ya kitambaa cheupe, akapiga goti na kufanya ishara ya msalaba. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, haiko patena, sahani ya misa," nilimnong'oneza. "Iko kioo."

Mlinzi wa chumba, mzee mpole, hakucheka. Alikigeuza, akamshikisha mama mpini. "Batu ba zamani balikuwa banajitazama mu shaba, mama. Lakini haionyeshe muzuri."

Kweli, hakikuonyesha vizuri. Shaba ilikuwa ya kahawia na imefifia. Ilionyesha paji la uso wa mama, mashavu na kidevu, lakini mikunjo haikuonekana, wala mvi. Mama aliendelea kukitazama mpaka nikaanza kuona haya, maana kulikuwa na watu wengine wanaosubiri. Kisha akasema polepole, "Iko yeye, mama yangu."

Nilidhani atalia. Badala yake alicheka, akasema "wasingya", asante ya Kinande, bila kuinua macho. Aliyelia ni mimi, nikajikasirikia kwa kulia mbele ya wageni.

Mama akanivuta mkono, akalileta shavu langu karibu na lake.

"Yeye hakukuona hata siku moja," alisema. "Kuya karibu, akuone."