Vuli ya Kibibi

Mwezi wa Septemba, pale Silicon Oasis, Dubai, joto huwa bado halijakubali kuondoka. Wahandisi waliingia ofisini mashati yamewaganda mgongoni, wakaomba maji baridi kabla hata ya salamu, na Edna akawapelekea. Kazi yake ilikuwa chai, kahawa, vikombe na sakafu. Lakini tangu mwezi uanze, akili yake ilikuwa Upare, kwenye mashamba yao mawili: moja la mlimani, la migomba na maharage karibu na nyumba, na jingine la mahindi, chini kabisa tambarare.

La mlimani halikumpa shida. Ukungu peke yake ulitosha kulilisha. La tambarare ndilo la kubahatisha. Vuli ikija vizuri, unavuna hadi unakosa pa kuweka. Ikigoma, mbegu zinachomwa na jua humo humo ardhini. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kushuka, lazima mtu aseme: tupande au tusipande. Katika nyumba ya Kasian, aliyesema alikuwa mkewe. Edna aliangalia wingu linavyolala mlimani asubuhi, akasema "shuka," na Kasian akashuka. Hata alipohamia Dubai aliendelea kusema, kwa simu, baada ya kuuliza wingu limelalaje.

Mpaka mwaka uliopita. Edna alisema pandeni, na Kasian, badala ya kuitikia, akasema, "Kibibi anasema tungoje. Kumbikumbi hawajatoka."

Kibibi alikuwa mjane mwenye shamba lililopakana na la kwao kule chini. Kasian akangoja. Vuli ya mwaka ule haikunyesha, majirani wakapoteza mbegu zao, yeye akabaki na zake. Toka hapo haikupita simu bila jina hilo. Kibibi anasema nguzo za banda la kulala kule shambani zipakwe oili chafu, zisiliwe na mchwa. Kibibi anasema kunde zitangulie. Edna alisikiliza akiwa kitandani, katika chumba cha mtaa wa Satwa alichokaa na wenzake, huku amebana simu kwa bega na kukunja nguo alizokwisha kuzikunja.

"Na mimi ninasema nini?" aliuliza siku moja.

"Wewe uko mbali, mke wangu," Kasian alijibu. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomkera.

Mwaka huu, basi, Edna alitafuta msaada. Pale mapokezi alikaa Rukiya, aliyezaliwa hapo hapo Dubai na kulelewa na bibi yake wa Unguja. Edna alimwomba amtafutie kwenye kompyuta utabiri wa mvua za vuli. Rukiya alimwita wakati wa mapumziko.

"Njoo shoga, vuli yako hii hapa." Akasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Milimani, mvua za wastani. Tambarare, juu ya wastani, kuanzia katikati ya Oktoba. Wakulima waandae mashamba mapema. Alipoinua macho akashangaa. "Mbona umenuna? Si mvua hiyo?"

"Ni mvua."

"Basi furahi, mwanamke! Nani kakufia?"

Edna alirudi jikoni kuosha vikombe. Kibibi alikuwa amekwisha kumwambia Kasian kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa nzuri. Sasa hata kompyuta imekuwa upande wake! Mvua nzuri maana yake Kasian atashuka, atalala bandani wiki nzima nzima, na jioni, kazi ikiisha, banda la jirani litakuwa hatua chache tu.

Ijumaa alinunua kadi ya simu, akapiga.

"Utabiri umetoka," alisema. "Mlimani sawa. Tambarare kavu."

"Kavu? Mbona Kibibi anasema..."

"Kibibi ana setilaiti?"

Kasian akacheka. "Hana."

"Basi kaa mlimani."

"Sawa, mke wangu. Wewe ndiye unayejua."

Maneno hayo Edna alikuwa ameyangoja mwaka mzima. Aliyafurahia mpaka mumewe alipoongeza, "Basi shamba nitampa Kibibi alime msimu huu. Yule mwaka huu hata umwambie jangwa atapanda."

Kwao shamba la tambarare halilazwi hivi hivi. Mwenyewe asipolima, humwazima jirani, na mavuno yakiisha jirani hupanda mlima na debe la mahindi kuja kushukuru. Edna akaona yote kwa mpigo: Kibibi amesimama katikati ya mahindi marefu, ndani ya mipaka yake yeye Edna, Kibibi anagonga mlango wake kwa khanga mpya, debe kichwani, anakaribishwa chai katika vikombe vyake.

"Usimpe," akasema.

"Kwa nini? Si umesema kavu?"

"Nimekudanganya. Itanyesha sana. Kuanzia katikati ya Oktoba."

"Sasa umenidanganya kwa nini?"

"Kwa sababu ukishuka unakaa na Kibibi."

Kasian alicheka mpaka akakohoa. "Edna! Kibibi ni rika la dada yangu mkubwa!"

"Dada yako mkubwa aliolewa tena mwaka juzi."

Kicheko kikakatika. "Kwa hiyo nishuke au nisishuke?"

Asiposhuka, Kibibi anapata shamba. Akishuka, anapata mengine. Edna aliuma mdomo. "Shuka," alisema mwishowe. "Lakini ushuke na mama."

"Mama? Akalale bandani?"

Simu ikanyang'anywa, na sauti ya mama mkwe ikaingia. "Nimesikia yote, mwanangu, unapiga kelele kama uko hapa uani. Nitashuka. Nitatandika mlangoni, apite juu yangu."

Mvua ikaja wakati wake. Novemba, Dubai ikapoa, wahandisi wakaacha kudai maji baridi, wakarudia kahawa. Edna akapiga simu. Kasian alikuwa palizini, akapokea mama.

"Mahindi yamenifika magotini, mwanangu. Kila asiyepanda analia."

"Na Kibibi?"

"Aa, Kibibi!" Sauti ya mama ikalainika kwa namna ambayo Edna hakuipenda. "Yule ni mtu. Kila asubuhi ananiletea uji wa ulezi. Nimemwambia Kasian, wewe rudi ukaangalie migomba, mimi nakaa huku hadi mavuno. Jioni tunacheka, ananisuka nywele."

Edna alikaa kitako kitandani. Mumewe anarudishwa mlimani, mbali na Kibibi, kama alivyotaka. Moyo wake haukutulia hata kidogo.

"Mama, nywele zako nilikuwa nazisuka mimi."

"Najua, mwanangu. Lakini wewe ulikuwa unavuta sana."