Moto Usiokuwa na Hatia

Papa Rubens alichomelea vyuma karibu na bandari ya Kalemie, kama baba yake kabla yake. Baba huyo, marehemu Adalbert, alianza kuona ukungu katikati ya kila alichokitazama. Baadaye ulimi ukawa mzito, mguu ukaburuzika, akafa kabla ya kuzeeka. Karakanani hakuna aliyetafuta sababu. Kwao, moto ulikuwa umemla macho, kisha ukapanda kichwani.

Ndiyo maana Rubens hakutaka Nadine, mtoto wake wa pekee, asogelee karakana. Hata chakula alichomletea, Nadine alikiacha getini. Akampeleka ajifunze ushonaji kwa fundi, Mama Immaculée, akaona amemwokoa.

Ukungu ulipomfikia yeye mwenyewe, hakushangaa. Wenzake walimtania: "Papa Rubens, leo umeunga chuma na kivuli chake." Alicheka pamoja nao. Moto ummalize yeye, basi, usimfikie Nadine.

Nadine alimpeleka kwa daktari wa macho, akabaki nje kwenye benchi. Daktari alimulika nyuma ya jicho kwa muda mrefu, kisha akauliza jinsi baba yake alivyokufa.

"Njo moto wa kazi ulimuua, munganga," alisema Rubens, akaeleza habari ya macho, ulimi na mguu.

"Moto wenu huumiza zaidi mbele ya jicho, Papa, na kwako mbele hakuna kasoro. Nyuma ndiko mishipa midogo ya damu inavuja na kuziba. Mishipa ya ubongo nayo huvuja na kuziba vilevile, ndiyo ulimi na mguu vya baba yako. Nadhani ni kosa katika jeni, ulilolirithi kwa baba yako. Damu tutaipeleka mbali, ipimwe, tuhakikishe."

"Na mutoto wangu? Hajagusa moto hata siku moja."

"Anaweza kuwa amelirithi, anaweza kuwa amelikosa. Nusu kwa nusu."

"Dawa?"

"Ya kuliondoa, hakuna. Lakini akijua mapema, tutachunga presha yake na macho yake."

Rubens alitoka akipapasa ukuta. Angeweza kusema ni moto, na Nadine angeamini, kama yeye alivyoamini maisha yake yote. Aliketi kando yake.

"Amesema nini, Papa?"



"Si moto," alisema Rubens. "Ni kitu cha damu yetu. Mimi nilikipata kwa babu yako."

Nadine hakuuliza kama na yeye anacho. Alikunja kitenge alichokuwa akikishona pindo, akakiweka mapajani mwa baba yake.

"Munganga angali ndani?"

"Yuko."

Akaingia. Rubens alisikia kiti kikivutwa, na sauti ya daktari ikimwambia binti yake atazame juu.