Wimbo wa Krismasi Kaburini

Leo tumemzika mtoto wa mdogo wangu kwa wimbo wa Krismasi.

Sitanii.

Kwaya yetu huku Ganze ilifundishwa wimbo huo na padri mmoja Mfaransa, zamani. Aliwaachia sauti na maneno, lakini maana yake hakuwaachia. Wakauimba polepole, ukatoka na huzuni, basi wakaufanya wa mazishi. Hata baba tulimzika nao.

Mimi Kifaransa nimekijua juzijuzi tu, hotelini Malindi, kwa kuhudumia wageni.

Kwa hiyo leo wenzangu wakilia, mimi nasikia kila neno.

Mtoto kazaliwa. Amkeni, furahini.

Na mtoto mwenyewe yuko kwenye kijisanduku, baba yake amekibeba peke yake. Alizaliwa kimya. Hakuwahi hata kulia.

Ningewanyamazishaje? Nyinyi mngefanya nini? Niambieni, maana mimi niliinamisha kichwa tu.

Tuliporudi nyumbani Dama, mdogo wangu, akanishika mkono.

"Dada, wewe wajua lugha yao. Ule wimbo wasemaje?"

Nikamwambia wasema, lala mwanangu.

Akasema, "Basi nifundishe, niwe namwimbia."

Tangu alasiri tuko mkekani. Mimi natangulia, yeye anafuata.

Ameshaushika wote sasa. Maziwa yamemlowesha leso kifuani, na anatamka vizuri kabisa kwamba mtoto kazaliwa, tufurahi.