Mkunjo wa Ndoo Juu ya Paa

Mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu ni mbaya, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia, kwa sababu niliishia darasa la sita. Naandika polepole, lakini jambo hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Tunakaa mtaa wa Panda, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi: mama, kaka yangu mkubwa na mimi. Paa lake limeinuka sana, na chini yake kuna nafasi ya chumba kizima, ila ilikuwa giza tupu. Kaka alipotaka kuoa, wakwe walikuja kuangalia mahali binti yao atakapolala. Mama mkwe alipanda ngazi, akachungulia, akashuka.

"Mutoto yetu si boga ya kuweka mu giza," alisema. "Mutoboe dirisha kwanza."

Tukamwita baba yangu wa ubatizo, fundi wa mbao. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi, maana watu siku hizi wanataka milango ya chuma. Alitueleza kwamba tutakata paa, kisha tutasimamisha kijumba kidogo cha mbao, chenye dirisha mbele na kapaa kake juu. Hakuna nyumba kwenye balabala yetu iliyokuwa na kitu kama hicho.

"Hii bantu bataiona toka mbali," alisema akicheka. "Ikitoka muzuri, nitapata kazi mpaka nizeeke mara ya pili."

Kazi ya mabati aliniachia mimi, kwa sababu natengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, na ndoo, nauza sokoni. Ilikuwa majira ya baridi na vumbi, hata wingu hakuna. Nyuma ya kijumba, pale kinapokutana na paa kubwa, nilikunja bati kama ninavyokunja ndoo. Ndoo inashika maji, ndiyo maana mkunjo wake unatazama juu. Paa ni kinyume: maji yanatakiwa yapite juu ya mkunjo yateremke. Mkunjo wangu uliyapokea.

Siku ile goti lilimuuma mzee fundi, hakupanda. Aliniuliza toka chini: "Bati ya juu inalalia ile ya chini?"

Sikuelewa vizuri, na niliona haya kuuliza. "Ndiyo, baba," nikasema.

Wakwe walirudi Jumapili moja baada ya misa, mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, mwanga umejaa. Mama mkwe alikaa kwenye kitanda kipya, akatabasamu. Mvua ikapiga. Tone la kwanza lilimpata begani, la pili kwenye kitambaa cha kichwa.

"Eh! Munanibatiza tena?" alisema, na watu wakacheka. Kisha maji yakaja mfululizo, mekundu kwa kutu, yakashuka kwenye kikwembe chake, kitenge cha kwendea misa. Hakuna aliyecheka tena.

Jioni ileile kaka alimwita fundi. Alimkaripia uani, majirani wakisikia.

"Muzee, ulisema unajua kazi! Unatupatisha haya mbele ya bakwe!"

Mzee alivua kofia, akatazama juu. "Mbao haivuje, mutoto wangu," alisema taratibu. "Unipe ngazi, nipande nione."

"Apana. Ungepanda zamani."

Ndipo mzee akanigeukia. Alingoja. Nilikuwa nimebeba ndoo ya kukingia maji. Nikainamisha kichwa, nikajifanya naangalia kama imejaa. Akavaa kofia yake, akaenda.

Kesho yake nilipanda peke yangu. Kosa nililiona mara moja: matope yalikuwa yamekusanyika ndani ya mkunjo wangu. Nikaufungua, nikalipenyeza bati chini ya lile la juu, nikapaka gudroni, ile lami nyeusi ya kuzibia. Halikuvuja tena. Wakwe walikubali, na shemeji yangu analala pale hadi leo.

Baadaye kaka akanisifu mbele ya watu: "Ni mudogo wangu alitengeneza ile muzee aliharibisha."

Nikanyamaza tena. Hii mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mara ya kwanza nilishtuka. Mara ya pili nilikuwa nimepata siku nyingi za kufikiri.

Sasa jirani yetu anayeuza mikate anataka dirisha kama letu, na amenijia mimi. Nikamwambia amwite mzee.

"Ule wa kuvujisha? Weye pia!"

"Mama, ile kosa ilikuwa yangu."

Alicheka, akanipiga begani. "Uko na heshima, weye. Unamufichia baba yako ya ubatizo."

Akaondoka bado akicheka. Wiki iliyopita nilimwona mzee sokoni, ametandika gunia chini, anauza randa yake na misumeno yake miwili. Nilipita njia nyingine.

Basi naandika hapa: mbao zake zilikuwa nzuri, mkunjo ulikuwa wangu. Jumapili nataka niende kwake pamoja na kaka, niliseme jambo hili wote wawili wakisikia, kabla hajauza nyundo pia. Lakini sijui mtu mwenye haya anaanzaje. Ninyi mnaosoma, kama mmewahi kumwangusha mtu kwa kunyamaza, kisha mkamrudia, mniandikie mlianza na neno gani. Hata mistari miwili inatosha.